George Stephen, mtengeneza maboya aliyelifunika jiko la mkaa

Jiko la mkaa la duara, lenye mfuniko mfano wa nusu ya mpira, ambalo kila kiangazi huonekana katika nyua nyingi za Marekani, halikubuniwa na mpishi. Lilizaliwa mwaka 1952 katika kiwanda cha vyuma mjini Chicago, miongoni mwa maboya ya kuongozea vyombo katika Ziwa Michigan. Aliyelibuni ni George Stephen, mfanyakazi na mbia wa kiwanda hicho cha Weber Brothers Metal Works.

Stephen aliishi Mount Prospect, kitongoji kilichoko kaskazini-magharibi mwa Chicago, pamoja na mkewe na watoto ambao hatimaye walifika 12. Zama hizo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya familia za Kimarekani zilikuwa zikihamia vitongojini, na aliyepata nyumba alipata pia ua wenye nyasi. Kuchoma nyama nje siku za mapumziko kukawa desturi. Mkaa wenyewe ulikuwa umekwisha kurahisishwa, kwani tangu miaka ya 1920 kampuni ya Henry Ford iliuza vitofali vya mkaa vilivyotokana na mabaki ya mbao za viwanda vyake vya magari. Kilichobaki nyuma ni jiko.

Majiko ya wakati huo yalikuwa masinia ya bati yenye miguu na wavu, wazi juu. Upepo ukivuma, majivu hutua juu ya nyama. Mvua ikinyesha, karamu huvunjika. Mafuta yakidondoka, moto huruka na kuunguza nje ilhali ndani kungali kubichi. Yeyote aliyewahi kunyunyizia maji jiko la nyama choma ili kutuliza ndimi za moto anaijua adha hiyo. Kwa mtu mwenye watoto wengi wa kulisha, haikuwa adha ndogo.

Jawabu lilikuwa mbele ya macho yake kazini. Stephen alichukua boya la chuma, akalikata vipande viwili, cha chini akakitia miguu mitatu na wavu, cha juu akakitia mkono kiwe mfuniko. Inasimuliwa kwamba alipolijaribu mara ya kwanza moto ulizimika, mpaka jirani aliyekuwa akitazama akashauri mfuniko utobolewe.

Matundu hayo ndiyo siri ya chombo chote. Hewa huingia chini, moshi hutoka juu, na mpishi huutawala moto kwa kuyapanua au kuyabana. Mafuta yanayodondoka hayalipuki ovyo kwa kuwa hewa ni kidogo. Joto huzunguka ndani ya duara, hivyo mkaa ukisogezwa kando, hata bata mzinga mzima huiva polepole bila kuungua. Karamu ikiisha, matundu huzibwa, moto ukafa, na mkaa uliosalia ukatumika siku nyingine. Pengine faida hii ya mwisho ndiyo husahauliwa zaidi.

Kuuza lilikuwa jambo jingine. Jiko la Stephen liligharimu takriban dola 50, mara kadhaa ya bei ya jiko la wazi, na umbo lake liliwachekesha watu. Baada ya Wasovieti kurusha setilaiti yao mwaka 1957, wapo waliolipachika jina la Sputnik. Hoja haikutosha kuwashawishi wanunuzi, ikabidi waonjeshwe: Stephen alisafiri na jiko lake, akalipikia hadharani mbele ya wateja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukua hatua iliyohitaji moyo mgumu kwa baba wa familia kubwa kama yake: alikinunua kiwanda kutoka kwa wenzake na kuegemeza riziki ya nyumba nzima juu ya jiko moja. Kampuni ikaja kuitwa Weber-Stephen Products, na makao yake yakahamia Palatine, pia katika jimbo la Illinois.

Stephen alifariki mwaka 1993. Wakati huo kampuni ilikuwa ikiuza pia majiko ya gesi, yasiyohitaji mkaa wala kungoja moto ushike. Wanawe waliiendesha hadi mwaka 2010, sehemu kubwa ya hisa ilipouzwa kwa wawekezaji wa Chicago. Lile la mkaa bado linatengenezwa, la duara, kwa miguu mitatu, na matundu yakiwa palepale juu ya mfuniko.