Karl Heinrich Ulrichs (1825–1895): Sheria, Istilahi na Uchaguzi wa Makao

Karl Heinrich Ulrichs alizaliwa tarehe 28 Agosti 1825 huko Westerfeld, karibu na Aurich, katika Ufalme wa Hanover. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akaendelea na masomo Berlin, kisha akaingia katika utumishi wa mahakama wa nchi yake. Mwaka 1854 alijiuzulu. Wakubwa wake walikuwa wamepata habari za uhusiano wake na wanaume, na ingawa sheria ya Hanover haikuadhibu uhusiano wa hiari uliofanyika faraghani, habari hizo zilitosha kumkosesha kazi mtumishi wa serikali.

Kuanzia mwaka 1864 alianza kutoa vijitabu vilivyofika 12, kwanza kwa jina la kubuni la Numa Numantius na baadaye, kuanzia 1868, kwa jina lake halisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiistilahi. Maneno yaliyokuwapo kumtaja mwanamume anayempenda mwanamume yalikuwa ama ya matusi, ama ya mahakamani, ama ya mimbarini. Ulrichs aliliacha tapo hilo lote na kuunda neno Urning, kutokana na Afrodita wa mbinguni anayetajwa na Plato, pamoja na Dioning kwa wanaume wengine. Wanaoshughulika na uundaji wa istilahi watatambua kuwa jozi hiyo ina shabaha moja: kila upande upewe jina, ili usiwepo upande mmoja unaoitwa wa kawaida. Neno lililodumu, hata hivyo, halikuwa lake, bali lile lililochapishwa mwaka 1869 na Kertbeny, mtu aliyekuwa akiandikiana naye barua.

Mwaka 1866 Prussia iliitwaa Hanover na kuleta sheria yake iliyoadhibu mapenzi ya wanaume. Ulrichs alipinga utwaaji huo hadharani, akafungwa mara mbili katika ngome ya Minden, kisha akafukuzwa Hanover. Alihamia Würzburg, katika Bavaria, ambako kanuni ya adhabu ya mwaka 1813 ilikuwa imekwisha kuacha kuadhibu tendo hilo. Tarehe 29 Agosti 1867, mjini Munich, alisimama mbele ya wanasheria zaidi ya 500 kudai sheria za namna hiyo zifutwe. Alizomewa hata akashindwa kumaliza hotuba. Mwaka 1872 kanuni ya adhabu ya Dola mpya ya Ujerumani, pamoja na kifungu chake cha 175, ilianza kutumika Bavaria pia. Makao aliyoyachagua yalifikiwa na sheria ileile aliyoikimbia.

Mwaka 1880 aliondoka Ujerumani asirudi tena. Ni makosa kumhesabu kuwa alitangatanga tu hadi Italia. Kanuni ya adhabu ya Sardinia ya mwaka 1859 iliadhibu mapenzi ya wanaume, lakini ilipopelekwa katika majimbo ya Naples mwaka 1861, kifungu hicho hakikutumika huko. L'Aquila, mji wa milimani alikotua mwaka 1883, ulikuwa ndani ya majimbo hayo. Kuanzia mwaka 1890 kanuni mpya iliondoa adhabu hiyo nchini kote.

Lakini kutokuadhibiwa si sawa na kukaribishwa. Alikuwa fukara, akijikimu kwa kufundisha lugha, na mlango aliofunguliwa ulikuwa wa Kilatini. Mwaka 1889 alianzisha jarida la Alaudae, yaani Vipozamataza, lililoandikwa lote kwa Kilatini kwa nia ya kukihuisha kama lugha ya mawasiliano ya mataifa. Lilisomwa katika nchi nyingi. Niccolò Persichetti, mtu wa ukoo wa kikabaila na mpenzi wa elimu ya mambo ya kale, akawa rafiki na mfadhili wake. Yapo pia aliyoyalipia: juu ya Urning, jambo alilolipigania kwa miaka 15, hakutoa tena kijitabu chochote.

Alifariki L'Aquila tarehe 14 Julai 1895, muda mfupi baada ya kutunukiwa diploma ya heshima na Chuo Kikuu cha Naples. Persichetti alitoa hotuba ya maziko, na akamzika kando ya kaburi la ukoo wake mwenyewe. Mwaka 1898 Magnus Hirschfeld alivichapisha upya vile vijitabu nchini Ujerumani, ambako kifungu cha 175 kilidumu, kwa sura mbalimbali, hadi mwaka 1994.