Mzee wa Kafuro na vijana wetu

Kila ninapozungumza na vijana wa Kiislamu kuhusu kuingia kwa dini yetu Buganda, huwa nawarudisha kwanza Karagwe, mkoani Kagera. Karagwe ya zamani ilikuwa milki iliyojumuisha pia Kyerwa, ambayo leo ni wilaya inayojitegemea. Misafara ya pwani, ikishatoka Tabora, ilipita humo na kutua Kafuro.

Huko ndiko alikoweka makazi Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara wa Kiarabu. Mwaka 1844 alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda. Siku moja mfalme alipoamuru watu wauawe, Ahmed alisimama barazani akamwambia kuwa watu wale, na yeye mwenyewe, wameumbwa na Mwenyezi Mungu. Kwa maneno yale angeweza kuuawa palepale. Badala yake Suna alitaka kujua zaidi, na Ahmed akamsomesha sura za Qur'an.

Suna alifariki mwaka 1856. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, alisoma kwa Waislamu wengine waliofuata njia ileile, na vijana wa ikulu, waliokuwa wakilelewa ili waje kuwa watawala, wakasoma pia. Mwaka 1876 baadhi yao walikataa nyama ya mfalme kwa kuwa haikuchinjwa Kiislamu. Wapatao 70 wakauawa. Mwaka huohuo msafiri Stanley alimkuta Ahmed angali Kafuro.

Ndugu zangu, tusifiche jambo. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe, pembe za ndovu na pia watumwa. Aliyemkumbusha mfalme thamani ya roho za watu, mwenyewe alimiliki watu. Kijana wa Kiafrika anayo haki ya kuambiwa yote mawili, ajue kuwa mlezi hupimwa kwa haki ileile anayoifundisha.

Hebu tujiulize: sisi tunalea viongozi gani? Vijana tunawatuma kutandika mikeka na kukusanya michango. Kikao kikianza, tunawaacha nje. Vijana wale wa Buganda walipata msimamo kwa sababu walifundishwa wakiwa ndani ya baraza, wakiona mambo yanavyoamuliwa. Tuwaingize wetu vikaoni, wasikie hesabu, waulize, wakosee na kurekebishwa wakati wazee bado tupo.

Wallahu a'alam.