Padri Alexis Kagame: Kilatini Mkononi, Lugha ya Mama Moyoni



Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, leo tunawaletea Padri Alexis Kagame wa Rwanda, mwanahistoria na mshairi aliyefariki mwaka 1981. Tumemchagua kwa sababu ya swali linalowasumbua wazazi wengi walioko ugenini: mtoto akizama katika lugha za wageni, je, ya nyumbani itapona?

Swali hili si la wakimbizi peke yao. Watu wa kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu upande wa Rusizi (zamani Cyangugu), wanalijua vizuri. Nyumbani kwao husemwa lugha iliyo jamaa ya Kihavu na Kishi za ng'ambo ya Kongo. Mtoto wa Nkombo akifika shuleni anakuta Kinyarwanda na Kiingereza. Hajavuka mpaka wowote, lakini tayari anasoma kwa lugha ya wengine. Tuone basi Padri Kagame alipitia njia gani.

KUZALIWA NA MASOMO

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika eneo la Buliza, kaskazini ya Kigali. Ukoo wake ulikuwa karibu na jumba la mfalme, miongoni mwa watu waliotunza kwa kichwa historia na mashairi ya ufalme. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na baadaye ikawa chini ya Wabelgiji.

Alipokuwa kijana aliingia seminari ndogo ya Kabgayi. Njia ilikwisha kufunguliwa na wakubwa wake: mwaka 1917 mapadri wa kwanza wa Rwanda, Baltazar Gafuku na Donat Leberaho, walipewa upadri hapo Kabgayi. Mwaka huo huo, upande wa Kongo, Stefano Kaoze alipata upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Wote hao walipita mlango mmoja, na mlango huo uliitwa Kilatini.

Vijana wetu wa leo hawajui ugumu wa mlango huo. Katika Kiswahili tukisema mtoto anamwona mbwa, tunajua nani anaona kwa sababu mtoto ametangulia. Katika Kilatini ni mwisho wa neno unaosema. Puer canem videt: mtoto anamwona mbwa. Puerum canis videt: sasa mbwa ndiye anayemwona mtoto, ingawa mtoto bado ametajwa kwanza. Nomino moja ina hali sita katika umoja na nyingine katika wingi, na kuna makundi matano ya nomino. Mseminari alipaswa kuyashika yote kwa kichwa. Kisha alifasiri kutoka Kilatini, na mwisho alitunga yeye mwenyewe sentensi za Kilatini, jambo lililo gumu kuliko kusoma. Aliyeshindwa Kilatini alirudi nyumbani.

Kagame hakushindwa. Aliendelea seminari kuu, ambayo mwaka 1936 ilihamia Nyakibanda, ambako falsafa na teolojia zilifundishwa kwa Kilatini. Alipewa upadri mwaka 1941.

MWANDISHI WA KINYARWANDA

Jambo la kushangaza ni hili: mtu aliyelelewa na Kilatini miaka mingi namna hiyo, alipopata kalamu aliandika Kinyarwanda. Katika miaka ya 1940 aliongoza gazeti la Kanisa, Kinyamateka. Alikwenda kwa wazee wa jumba la mfalme, akawaomba wamsomee mashairi ya kale, akayaandika kabla wenyewe hawajafariki. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1951. Mwaka 1950 alikuwa amekwisha kupokelewa katika chuo cha wataalamu cha kifalme cha Ubelgiji kilichoshughulikia makoloni, Mwafrika wa kwanza kuwa mwanachama.

Alijua pia kuchekesha. Mwaka 1949 alichapisha shairi Indyohesha-birayi, yaani kile kinachotia viazi utamu. Humo anamsifu nguruwe kwa maneno makubwa waliyozoea kusifiwa wafalme na ng'ombe. Aliandika pia utenzi mrefu wa maelfu ya mistari, Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa, maana yake mwimbaji wa Bwana wa viumbe. Ndani yake habari ya uumbaji na wokovu inaimbwa kwa mtindo wa mashairi ya wafalme.

KUONDOLEWA NCHINI

Mwaka 1952 aliandika kitabu juu ya sheria za utawala wa kale wa Rwanda, akiutetea ufalme wa rafiki yake Mwami Mutara III Rudahigwa. Wakoloni hawakupendezwa. Askofu wake alisukumwa amwondoe nchini, naye akatumwa Roma. Kwa nje ilikuwa safari ya masomo. Kwa ndani ilikuwa adhabu.

Tuseme ukweli kamili. Wapo Wanyarwanda ambao hawakukubaliana naye, kwa sababu ufalme alioutetea haukuwa mwepesi kwa wote, na historia aliyoiandika ilitoka zaidi kwenye jumba la mfalme kuliko kwa mkulima. Kumkumbuka mtu si kuficha hayo.

Roma aliingia Chuo Kikuu cha Gregoriana. Siku hizo masomo pale yalitolewa kwa Kilatini, na mwanafunzi alijibu mtihani kwa Kilatini. Wanafunzi walitoka mataifa mengi, na lugha hiyo haikuwa ya mama ya hata mmoja wao. Pengine hapo ndipo mgeni alipopata nafasi sawa na wengine.

Mwaka 1955 alipata udaktari wa falsafa. Kazi yake, iliyochapishwa Brussels mwaka 1956, ilihusu falsafa ya Wabantu wa Rwanda. Alifanya nini? Alichukua sarufi kama kioo. Mgiriki Aristotle aligawa vyote vilivyopo katika mafungu kumi. Kagame alitazama ngeli za Kinyarwanda, akasema wazee wetu waligawa katika mafungu manne: umuntu, aliye na akili, ikintu, kitu kisicho na akili, wanyama wakiwemo, ahantu, mahali pamoja na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Mafungu saba ya Aristotle yaliingia yote katika ukuntu. Na katika maneno manne hayo, shina ni lile lile: -ntu. Sisi tunalisikia katika mtu na kitu. Mshi hulisikia katika omuntu.

Mwaka 1956 pia mapadri weusi waliokuwa wakisoma Ulaya walitoa kitabu cha pamoja kuuliza Injili itakaaje Afrika. Kagame alikuwemo, na Vincent Mulago wa Bushi, ng'ambo ya Ziwa Kivu, alikuwemo pia.

Wako wataalamu waliompinga, kama Paulin Hountondji wa Benin, aliyesema kwamba falsafa haikai ndani ya lugha ya kabila zima, bali ni kazi ya mtu anayefikiri na kujibishana na wenzake. Wengine waliona amelivika wazo la Kiafrika kanzu ya Kigiriki. Mabishano hayo hayajaisha. Lakini hata waliompinga walilazimika kumsoma.

KURUDI NA MWISHO WAKE

Alirudi Rwanda mwaka 1958. Mwaka uliofuata Mwami Rudahigwa alifariki, damu ikamwagika, na maelfu wakakimbia nchi. Padri Kagame alibaki akafundisha. Mwaka 1960 alitoa kitabu cha sarufi ya Kinyarwanda na Kirundi ambacho jina lake lenyewe lasema kinawaeleza wenyeji lugha yao. Chuo Kikuu cha Rwanda kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Alifundisha pia Lubumbashi. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha kulinganisha lugha nyingi za Kibantu. Tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini Nairobi, mauti yalimkuta ghafla.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, lugha ya kigeni ikisomwa nusunusu humfanya mtu aidharau ya kwao. Ikisomwa hadi mzizi, humfundisha kuuliza: na sisi kwetu tunasemaje? Kagame alihesabu hali za Kilatini, ndipo akahesabu ngeli za Kinyarwanda.

Pili, wavuvi wa Nkombo na Idjwi wanajua kwamba sambaza hakuwa samaki wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye kitoweo cha kila siku. Kilichokuja kutoka mbali kinaweza kulisha nyumba. Ila sambaza haviwi kwa jina. Mtu hutoka usiku na wavu. Elimu nayo ni hivyo.

Tatu, wazee hawangoji. Kagame aliyaandika mashairi wakati wenye kuyajua wangali hai. Wazazi, semeni na watoto lugha yenu jioni baada ya shule. Vijana mnaojua kuandika, chukueni daftari, mkae na bibi na babu, mwandike methali, nyimbo, majina ya miti na ya ukoo. Kambini vitu vingi tuliviacha nyuma, lakini lugha tulikuja nayo, na haikuhitaji kibali cha kupita mpakani.

Mungu awabariki.