Ludwik Zamenhof na Herufi Zenye Kofia

Ludwik Lejzer Zamenhof alizaliwa tarehe 15 Desemba 1859 katika mji wa Białystok, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Urusi. Mjini humo Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi waliishi jirani, kila jamii na lugha yake, na mara nyingi bila kupatana. Zamenhof, mtoto wa mwalimu wa lugha, alikua akiamini kwamba lugha isiyo mali ya taifa lolote ingeweza kuwasogeza karibu. Alisomea udaktari akawa tabibu wa macho. Mwaka 1887, mjini Warsaw, alichapisha kitabu kidogo cha lugha aliyoibuni, akijiita Daktari Esperanto, yaani Daktari Mwenye Matumaini. Jina hilo likaja kuwa jina la lugha yenyewe.

Kanuni yake ya tahajia ilikuwa sauti moja, herufi moja. Ili kuitimiza, alizivisha kofia herufi tano, ĉ, ĝ, ĥ, ĵ na ŝ, na juu ya u akaweka alama iliyopinda kama bakuli: ŭ. Herufi ĉ hutamkwa kama ch ya chai, na ŝ kama sh ya shamba. Kwa mwenye kalamu hapakuwa na tatizo. Lakini matbaa nyingi hazikuwa na herufi hizo, na lugha iliyokusudiwa kumfikia kila mtu ilikwama kwa mpiga chapa.

Zamenhof hakuzing'ang'ania. Mwaka 1894 aliwapelekea wasomaji wa jarida la La Esperantisto mapendekezo ya mageuzi, likiwamo la kuziondoa herufi hizo. Walio wengi walikataa kwa kura, naye akatii. Katika Fundamento, kitabu cha misingi cha mwaka 1905, aliruhusu matbaa zisizo nazo ziandike ch, gh, hh, jh, sh na u tupu. Nafuu hiyo ina mtego: katika flughaveno, yaani uwanja wa ndege, flug na haveno zimeunganishwa, hivyo g na h ni sauti mbili, si ĝ. Kuanzia mwaka 1907 baadhi ya wafuasi walihamia Ido, lugha isiyo na kofia hizo.

Zamenhof alifariki tarehe 14 Aprili 1917. Baadaye wenye kibodi ya Kiingereza walizoea kuandika cx, gx, sx na kadhalika, kwa kuwa x haimo katika alfabeti ya Kiesperanto. Programu huzigeuza kuwa ĉ, ĝ na ŝ.

Kiswahili kilichukua njia ya herufi mbilimbili, kikabakiwa na alama moja tu ya ziada, ile ya ng'. Nayo haifai kuachwa: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ilhali ngoa ni tamaa au wivu.