Padre Aliyecheka na Watu wa Nyumbani Mwake

Nimeombwa niandike habari za mtu mmoja wa Kanisa letu wa siku za kale. Badala ya kumchagua askofu au mfiadini, nimemchagua padre wa shamba. Jina lake Sydney Smith, Mwingereza. Huko kwao ajulikana hata leo kwa ucheshi wake, na uzeeni alikuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Lakini mimi nataka tubishe hodi nyumbani kwake, maana kazi yake niipendayo aliifanya humo.

Alizaliwa mwaka 1771 huko Woodford, Essex. Baba yake alikuwa mtu mgumu asiyetulia, mwenye kununua nyumba, kuiuza na kuhama tena. Kijana alitamani kusoma sheria, baba akakataa kutoa fedha, basi akaingia upadre. Mwaka 1800 alimwoa Catharine Pybus, na kaka wa bibi arusi alikasirika sana kwa sababu bwana arusi hakuwa na kitu. Kweli hakuwa nacho. Alimtupia mchumba wake mapajani vijiko sita vidogo vya fedha, vilivyolika kwa kutumika, akampongeza kwa bahati yake ya kupewa utajiri wake wote. Kwetu wajomba wangeondoka kikaoni! Catharine alicheka, nao wakaishi pamoja miaka 44.

Mtoto wao wa kwanza, binti, walimwita Saba. Msicheke, si hesabu. Ni jina la nchi katika Zaburi ya 72, ambayo katika Biblia yetu imeandikwa Seba. Smith ni jina la watu wengi mno Uingereza, na baba aliona kuwa mwenye jina hilo astahili apewe jina la kwanza lisilo la kila mtu.

Walihamia London mwaka 1803. Huko alihubiri, akafundisha, akaandika, na watu wenye vyeo wakapenda kukaa naye mezani. Mwaka 1806 alipewa parokia ya Foston, katika mashamba ya Yorkshire, naye kama mapadre wengi wa siku zile akabaki mjini. Lakini ilikuwapo sheria iliyowataka mapadre wakae parokiani kwao, na Askofu Mkuu wa York alipoanza kuitilia mkazo, haikubaki hila. Mwaka 1809 Padre Smith alifunga mizigo, na mke na watoto, akaelekea kaskazini. Alitania kwamba kutoka parokiani kwake mpaka lilipo limau la karibu ni maili 12.

Foston haikuwa imekaliwa na padre kwa miaka 150. Nyumba ya padre ilikuwa kibanda, kwa hiyo walipanga kwanza katika kijiji cha Heslington, karibu na York, na mwishowe ikambidi ajenge kwa fedha ya kukopa. Hapo ndipo maudhi yalipoanza. Alishauriwa afyatue matofali kwa udongo wake mwenyewe. Akachoma 150,000, yote yakawa mabaya. Alishauriwa anunue maksai wa kukokota vifaa. Akanunua wanne, akawapa majina ya Tug, Lug, Haul na Crawl, yaani majina ya kuvuta, kuburura na kutambaa. Wawili walikuwa wakizirai, na wawili wakilala matopeni. Akawauza, akanunua farasi. Fundi seremala alimpata kwa ajabu: maskini mmoja alikuja kuomba msaada wa parokia, padre akamuuliza anajua kazi gani, kisha akampa mbao, na ndiye aliyetengeneza samani za nyumba.

Wakahamia Machi 1814, siku ya baridi kali. Gari halikuweza kufika mlangoni kwa matope, na mama, akiwa amembeba mtoto mchanga, kiatu kikamtoka kikazama. Ndani, chumba cha wageni hakikuwa na mlango, na kuta zilikuwa zikitiririka maji. Saba, aliyeandika kitabu cha maisha ya baba yake, akumbuka siku hiyo kuwa ya kelele za furaha, baba akiwatembeza chumba kwa chumba. Mimi nami nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa nyumba isiyo na mlango. Nakiri kwamba nilinuna muhula mzima, na mke wangu akanuna pamoja nami.

Mtumishi wa mezani wa kiume alikuwa ghali. Basi padre alimchukua msichana mdogo wa kijijini, mfupi mnene, akamwita Bunch, akamtia kitambaa mkononi, akamfundisha kazi. Bunch alikuwa na makosa yake, naye padre alimfundisha kuyataja kwa mpango mbele ya wageni: kunyakua sahani watu hawajamaliza, kumwaga mchuzi, kubamiza milango, kuduwaa kinywa wazi kama mtu anasaye nzi, na kupiga magoti ya adabu kupita kiasi. Msichana aliyakariri kwa uso mkavu, nyumba nzima ikacheka, na yeye akawa hodari. Mwalimu mwenzangu akisoma haya atajua ni jambo gumu. Kicheko cha namna hiyo huweza kumvunja mtoto. Bunch hakuvunjika, kwa kuwa bwana wake alijicheka mwenyewe kwanza. Alikuwa akianguka mara kwa mara kutoka juu ya farasi wake aitwaye Calamity, yaani Balaa, na habari za maanguko hayo zilikuwa chakula cha jioni. Gari lao kuukuu, lililotiwa viraka na fundi cherehani na mhunzi wa kijiji, waliliita Lisilokufa. Mlangoni aliweka darubini na baragumu la kusemea, akawasimamia wafanyakazi shambani asitoke nje.

Msidhani alizaliwa hivyo. Padre Smith alijua huzuni ya moyo, ile imwangukiayo mtu bila sababu, na mwaka 1820 alimwandikia bibi mmoja rafiki yake shauri refu la kupambana nayo: moto mzuri ndani, maji baridi ya kuoga, marafiki, na kutotazama mbali sana mbele. Furaha ya nyumbani alikuwa akiitunza kama mtu atunzavyo moto wa kuni. Pia alikuwa tabibu wa wanakijiji, akichanganya dawa na Annie Kay, mtumishi aliyekuwa mlezi wa watoto na mengine yote.

Jambo moja simsifu. Kalamu yake iliwadhihaki wamisionari waliokwenda Bara Hindi, na dhihaka ile haikuwa na upendo uliokuwa mezani pake.

Aprili 1829 mwanawe mkubwa, Douglas, alifariki akiwa na miaka 24. Mwaka huo huo walihamia Combe Florey, Somerset, na kwa muda mrefu baba hakuwa mtu yule yule. Kicheko kilirudi polepole. Bibi mmoja mgeni alipolalamika kwamba uwanja ule mzuri hauna kulungu, asubuhi aliwakuta punda wawili wamefungwa pembe za kulungu vichwani, wamesimama mbele ya dirisha, na mwenye nyumba pembeni kama mtoto wa shule.

Alifariki London tarehe 22 Februari 1845, akiwa na miaka 73. Annie Kay alikuwa angali naye, akimwuguza. Husimuliwa kwamba siku moja katika ugonjwa ule mama huyo aliingiwa na hofu kuwa huenda amempa wino badala ya dawa. Mgonjwa akamwagiza alete karatasi zote za kukaushia wino zilizomo nyumbani, azimeze.