Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa aliyetembea na jina la kwao

Kijana wa Sangailu akifika Nairobi, kuna swali moja analolijibu nusu. Kwenu ni wapi? Anasema Garissa. Akibanwa kidogo, anasema Ijara. Sangailu yenyewe anaimeza, maana anajua kitakachofuata: hapo ndipo wapi tena, na kuna nini huko?

Usicheke. Wewe pia umefanya hivyo, kama si kwa Sangailu basi kwa kijiji chenu kingine ambacho jina lake unaogopa kulitamka mbele ya watu wa mtaa.

Na kwani Sangailu kuna nini? Kuna mifugo. Kuna barabara ya udongo ambayo mvua ikinyesha inageuka uji. Maji ni hesabu ya kila siku. Lakini pia ukame ukimmaliza mtu mifugo yake, mtu wa ukoo humwazima mnyama anayekamuliwa ili watoto wapate maziwa mpaka hali irudi. Hakuna karatasi inayotiwa sahihi wala riba. Kitu kama hicho hakitoki vizuri kwenye picha ya simu, basi tunakaa kimya, tunasema Garissa na kubadilisha mada.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, mpaka kusini mashariki mwa Kongo, nikuonyeshe jamaa mmoja aliyefanya kinyume chetu. Alikufa mwaka 1990, huenda wewe hujazaliwa. Babu yako akiwa alikuwa na redio miaka ya 1960, muulize. Anaweza kukutajia jina kabla hujamaliza swali. Mwenda Jean Bosco. Au, kwa jina lililobaki mwishoni, Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa Wayeke. Alilibeba kabila lake kwenye jina lake la kazi.

Wayeke ni akina nani? Hapa kuna jambo la kushangaza. Asili yao ni Unyamwezi, Tanzania ya leo. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara aliyeitwa Msiri alitoka huko na watu wake, akavuka mpaka Katanga, akajenga mji mkuu wake Bunkeya na kuwa mfalme. Kilichowavuta ni pembe za ndovu na shaba. Nisikudanganye kwamba ilikuwa biashara safi: Msiri aliuza watu pia, na walioishi chini yake walimwogopa sana. Fahari ya jamaa yeyote ukiichimba vizuri utakuta kitu usichotaka kukiona. Tarehe 20 Desemba 1891 msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukiongozwa na Kapteni Stairs, ulimpiga Msiri risasi nyumbani kwake. Wapagazi wa msafara ule wengi walitoka pwani yetu, Zanzibar na Bagamoyo.

Shaba yenyewe ilikuwa kazi ya vijiji. Mavuno ya mtama yakishaisha na kiangazi kuingia, familia nzima zilihamia karibu na machimbo. Watu waliokota na kuchimba mawe ya kijani yenye shaba ndani, wakachoma makaa, wakajenga tanuri ndogo kwa udongo wa kichuguu na kuvukuta kwa viriba vya ngozi ya swala. Walichokipata walikimimina kiwe misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa, au walikivuta kiwe waya. Waliojua kazi hiyo waliitwa wala shaba. Lilikuwa jina la sifa: walikula kutokana nayo, na ilipoisha msimu walirudi shambani.

Halafu ikaja kampuni. Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na baada ya hapo mtu wa kijiji hakuwa tena mla shaba, alikuwa kibarua wa shaba. Vijiji vya tanuri ndogo vikazimika, na miji ya kambi ikaota: Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kwenye kambi uliishi kwa nyumba ya kampuni, ukapewa posho ya unga kila wiki, na ulikutana na watu wa kila upande wakiwa wameunganishwa na lugha moja: Kiswahili. Kiswahili cha huko kina mwendo wake, kina Kifaransa ndani yake, ukikisikia mara ya kwanza utatabasamu. Lakini utakielewa.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930, mtoto wa Wayeke wa Bunkeya, wakati hayo yote tayari yametokea. Ufalme ulikuwa umebaki jina na kumbukumbu. Tanuri zilikuwa zimepoa. Alipata bahati ya kusoma, na masomo yakampa kazi ya ofisini Jadotville. Hili likumbuke, maana vijana wengi wa muziki leo hawalipendi kulisikia: huyu jamaa, karibu maisha yake yote, alikuwa na kazi ya mshahara. Gitaa lilikuwa la jioni na la mwisho wa juma.

Na gitaa lenyewe, hebu nikueleze. Hakuwa na bendi nyuma yake, wala umeme, wala kipaza sauti. Alikuwa na gitaa moja kavu na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza kwenye nyembamba, na kila kimoja kilikuwa na safari yake. Ukisikiliza bila kuambiwa utaapa ni watu wawili wamekaa benchi moja wakijibizana. Humo ndani alichanganya mambo mengi: midundo ya kwao, nyimbo za Kiyuba zilizokuwa zikifika Kongo kwa sahani za santuri, na hata sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Alichukua kila kilichopita karibu yake akakifanya cha nyumbani.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville akamkuta. Mwenda alikuwa na miaka 22. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kuna Masanga. Ni wimbo wa dakika tatu hivi. Dakika hizo tatu zilimtoa Mwenda kwenye barabara za mji wa mgodi, zikasambaa kwa sahani za Gallotone za Afrika Kusini hadi Rhodesia, Tanganyika, Uganda na Kenya. Miaka michache baadaye, 1961, mtaalamu wa muziki David Rycroft alikuwa amekaa chini kuuandika wimbo huo noti kwa noti kwenye jarida la African Music, akijaribu kuelewa vidole viwili vinawezaje kufanya kazi ile. Watu wanaendelea kujaribu. Ingia intaneti uone wazee wa Ulaya na vijana wa Marekani wakihangaika nao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi. Hapa ndipo hadithi inapoingia kwetu. Alikuja kwa kazi ya matangazo ya dawa ya kichwa, Aspro. Naam, tembe za Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hodari, pia alikuja Nairobi na matangazo yakampa riziki vilevile. Mkisikia leo wanamuziki wakitukanwa kwamba wanaimbia makampuni, kumbukeni hawa. Mwenda aliimba redioni Nairobi mara kwa mara, na kwa sababu aliimba Kiswahili, hakuhitaji mkalimani. Vijana wa Kenya walikaa karibu na redio wakijaribu kuiga gumba lile. Magharibi mwa Kenya kulikuwa tayari na wapigaji wao, kama George Mukabi wa Kisa, ambaye muziki wake ulipigiwa chupa ya soda kuweka mdundo. Chupa tupu na gitaa, basi sherehe imejaa. Na si mbali na kwa akina Mukabi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, kulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Rosterman, uliofungwa miaka ya 1950 na kuwaachia majirani mashimo ambayo mpaka leo watu wanachokoa kwa mikono. Mimi huwa siwezi kuusikia muziki wa gitaa kavu bila kufikiria mashimo hayo na yale ya Katanga. Pengine ni mimi tu.

Mwenda hakukaa Nairobi. Angeweza, mji ulimpenda. Alirudi kwao, na kwao kulikuwa kunawaka moto. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya shaba ileile na kampuni ileile. Vita viliisha Januari 1963. Yeye akaendelea na kazi na gitaa lake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya watu ambao hawakuelewa neno hata moja la Kiswahili. Kisha akarudi tena nyumbani. Utaona hilo linajirudia: kila mara anatoka, kila mara anarudi.

Sasa lile jina. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru Wakongo waache majina ya Kikristo ya kigeni na wachukue ya Kiafrika. Ilikuwa siasa, na ilikuwa amri. Waliokataa walipata shida. Kwa hiyo usifikiri kwamba kila jina la asili la wakati ule lilitoka moyoni. Lakini amri ilisema tu uache la zamani. La kuchukua ulijitafutia mwenyewe. Mtu aliyekwisha kuimba Nairobi na Marekani angeweza kujipa jina kubwa: la mkoa, la nchi, la simba au radi. Kwenye albamu aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, akiwa karibu na miaka 60, jina lililoandikwa ni Mwenda wa Bayeke. Watu wa Bunkeya. Mji ambao wanunuzi wengi wa albamu ile wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani hata ukiwapa siku nzima.

Hakuongeza maelezo. Hakuandika Mwenda wa Katanga ili mambo yawe rahisi kwa wageni.

Septemba 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari. Mwezi huohuo, katika jimbo hilohilo, sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto iliporomoka chini ya ardhi. Mgodi huo ulikuwa wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière mwaka 1967, na ndiyo iliyokuwa ikilisha Katanga nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 ilikuwa imeshuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikakwama, posho ya unga ikakauka, shule na hospitali za kampuni zikabaki kuta. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa kitu kidogo waondoke. Watu waliozaliwa kwenye nyumba za kampuni, wakasomeshwa na kutibiwa na kampuni, walijikuta wanalima mihogo uani na kuuza makaa barabarani. Wengine walirudi kuchokoa mawe ya kijani kwa nyundo na mkono, kama wala shaba wa zamani, ila sasa bila msimu na bila shamba la kurudia.

Wakati wa posho ya kampuni, mtu akiulizwa yeye ni nani angeweza kutaja mwajiri wake na jibu likatosha. Mwajiri alipoanguka, jibu lile likaanguka naye. Waliobaki na kitu cha kusema ni waliokuwa na nyumbani pa kutaja, hata kama nyumbani penyewe ni kijiji kidogo chenye mahindi na ukoo. Nakuambia hili wewe uliye na kadi ya kazi shingoni hapo Westlands.

Masanga bado ipo. Haitakula bando lako kubwa. Weka vidude vya masikioni, sikiliza gumba kwanza, halafu irudie usikilize kidole cha shahada peke yake. Fanya hivyo ukiwa kwenye basi la usiku la Garissa, ukielekea nyumbani kwa sikukuu. Karibu na daraja la Tana basi litasimama, askari atapanda na tochi, atachukua kitambulisho chako, atakiangalia, atakuangalia wewe, na atakuuliza lile swali.