Gunpei Yokoi, fundi wa mashini aliyezaa Game Boy

Kile kisanduku cha rangi ya majivu kinachoitwa Game Boy kimepita miaka thelathini na kitu, na mpaka leo kuna watu wanaokitafuta, wanakinunua, wanakifungua, wanakisafisha na kukirudishia uhai. Huko Japani, Ulaya na Marekani kuna watu wazima wenye kabati nzima ya mashini za mchezo za zamani, pamoja na kaseti zake, kila moja katika karatoni yake ya kwanza. Vijana wetu watacheka. Watauliza juu ya nini mtu ahangaike na kioo kisicho na rangi wakati simu iko. Tunawajibu kwa kueleza maisha ya yule aliyekifanya. Hakuwa patro, hakuwa profesa. Alianza kama fundi wa matengenezo katika kiwanda, mtu wa grisi na ufunguo, ndugu ya wale wanaoamshwa usiku pompi ikikataa kuvuta maji.

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 mjini Kyoto. Alisomea elektroniki kwenye chuo kikuu cha Doshisha, hapo hapo mjini. Hakuwa mwanafunzi wa mbele, na makampuni makubwa ya umeme hayakumchukua. Mwaka 1965 akapata kazi Nintendo, juu ilikuwa karibu na kwao. Nintendo ya siku zile haikuwa ile inayojulikana leo. Ilianzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua, na miaka 76 baadaye bado karata ndizo zilizoilisha. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia mashini za kutoa karata hizo: kutia mafuta, kukaza kilicholegea, kubadilisha kilichoisha.

Yeyote aliyefanya kazi ya matengenezo anajua siri yake: mashini zikitembea vizuri, fundi anakaa. Yokoi alipokaa, alijitengenezea mkono wa vipande vilivyopishana kama mkasi. Ukibana huku, unarefuka na kukamata kitu kule mbele. Ilikuwa ya kujifurahisha tu. Siku moja mwaka 1966 mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita kiwandani na kuuona.

Sisi wa sendika tunajua kinachofuata kwa kawaida mkubwa akikuta mfanyakazi anajitengenezea kitu chake saa za kazi. Ni barua ya onyo, na ya pili ikija, mlango. Yamauchi alifanya kingine: alimwagiza aufanye ule mkono kuwa bidhaa ya kuuzwa. Ukaitwa Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Yokoi akatolewa kwenye mashini za karata, akawekwa kwenye kazi ya kubuni vitu vya kuchezea. Akili ilikuwa yake, kiwanda kilikuwa cha mwingine, na kila msomaji wetu anaweza kujifanyia hesabu ya nani alivuna zaidi. Hata hivyo tunasema wazi kwamba mkubwa anayemwangalia fundi na kuona akili, si mikono tu, ni adimu.

Yokoi alikuwa na wazo aliloshika katika kazi yake. Alifundisha vijana waliomfuata kwamba si lazima kukimbilia teknolojia mpya. Chukua ile iliyozeeka, iliyoshuka bei, ambayo kila fundi amekwisha kujua magonjwa yake, kisha itafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwaka 1970 alifanya bunduki ya mwanga ya kuchezea. Ndani ya shabaha aliweka vipande vya kupokea mwanga wa jua, vile vile vinavyofanya umeme wa sola. Unapiga mwanga, kipande kinaushika, shabaha inaanguka. Hakuna kilichokuwa kipya pale isipokuwa matumizi.

Miaka ile ya sabini makampuni ya Japani yaligombana kwa bei za mashini za hesabu mpaka vioo vyake na vichipu vyake vikawa vya bei ya chini kabisa. Yokoi alikuwa kwenye treni akamwona mtu wa ofisi anabonyeza vitufe vya mashini yake ya hesabu bila kuhesabu kitu, anapitisha tu muda. Baadaye dereva wa Yamauchi aliugua, Yokoi akashika usukani kwa zamu, na mle ndani ya gari akamweleza mkubwa juu ya mchezo mdogo wa mfukoni ambao mtu mzima anaweza kuushika bila aibu. Ikatoka Game & Watch mwaka 1980, mchezo na saa pamoja. Mpaka mwaka 1991 ziliuzwa zaidi ya milioni 43. Kwa ile ya Donkey Kong ya mwaka 1982 alihitaji kitu cha kuongozea kisichotokeza kwenye mfuko, akafanya msalaba wa plastiki wa kubonyeza kwa dole gumba: juu, chini, kushoto, kuume. Shika manete ya mchezo leo, na mara nyingi utaukuta pale pale upande wa kushoto.

Kisha ikaja ile yenyewe. Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, kazi ya Yokoi na kikundi chake, pamoja na Satoru Okada. Michezo ilikuwa katika kaseti za kuchomeka na kuchomoa. Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa mwaka 1976 na mashini ya Fairchild Channel F, kwa kazi ya kikundi cha Jerry Lawson, injinia mweusi wa Marekani, jina ambalo watoto wetu wangefaa kulijua pia. Kioo cha Game Boy kilikuwa cha kijani-kijani, kisicho na taa, chenye vivuli vinne tu. Atari na Sega wakacheka, wakatoa mashini zao za rangi zenye mwanga ndani. Ile ya Sega, Game Gear, ilikula pile sita kwa saa 3 mpaka 5. Game Boy ilikula pile nne, na ikatembea saa 15 na kuendelea.

Hapa Bendera hatuna haja ya kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Maporomoko ya Kyimbi yako kwetu, sentrali iko kwetu, waya zinakwenda Kalemie, na kambi ngapi za machimbo zinalala gizani? Mtu anayenunua pile kwa tochi ya kushukia shimoni anajua kila saa moja ya pile inagharimu nini. Yokoi aliwaza juu ya mnunuzi wa namna hiyo: mzazi anayeombwa pile mpya kila juma. Kioo chenye rangi kinapendeza dukani. Nyumbani, pile ikiisha, ni kioo cheusi. Watu wakachagua. Game Boy pamoja na ndugu yake ya rangi iliyofuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Na kwa sababu vilivyomo ndani ni vitu vya kawaida, bado inatengenezeka. Wanaoikusanya wanajua magonjwa yake kama muuguzi anavyojua malaria. La kwanza ni pile zilizosahauliwa ndani zikavuja: ule ukoko mweupe ao wa kijani kwenye vyuma unatolewa kwa siki kidogo na mswaki, kisha unakausha vizuri. La pili ni kaseti isiyosomeka. Wengi wanaipuliza kwa mdomo, na hapo wanaiharibu, juu pumzi ina maji na maji yanakula chuma. Chukua pamba na alkoli, sugua yale meno pole pole. Meno yale yamepakwa dhahabu nyembamba kuliko nywele, ile ile tunayoitafuta mchangani kwa jasho, na ndiyo sababu yanavumilia kutu miaka mingi. La tatu ni mistari kwenye kioo. Waya bapa wa kioo umeachia, na fundi anaupasha moto kidogo kwa chuma cha kuyeyusha risasi mpaka ushike tena. Kuna kaseti zenye kipile cha mviringo ndani, kinacholinda mchezo uliofikia. Kikifa, mchezo unapotea, na kukibadilisha ni lazima uyeyushe risasi. Skrubu zake tu ndizo zinasumbua, hazikubali turnavisi ya kawaida. Game Gear zile za rangi? Nyingi hazisikii tena, kondensa zake zimevuja. Kuna Game Boy moja iliyoungua katika vita vya Ghuba, plastiki yote ikayeyuka, na bado ikawaka. Iliwekwa miaka mingi kwenye duka la Nintendo huko New York, inacheza.

Hatutaki kumfanya Yokoi malaika. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, mashini ya kutazama kwa kuinamisha uso ndani, picha nyekundu juu ya weusi. Watu waliumwa na kichwa, michezo ilikuwa michache, na kwao Japani haikumaliza hata mwaka sokoni. Ziliuzwa chini ya milioni moja. Leo wakusanyaji wanazitafuta sana kwa ajili ya uchache wake, na wanapambana na gundi ya waya zake inayoachia. Tarehe 15 Agosti 1996 Yokoi akaondoka Nintendo, baada ya miaka 31. Wengi walisema alifukuzwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikana, akaandika kwamba alikuwa na mpango wa kujitegemea tangu zamani. Tunaona hakuna sababu ya kumpinga mtu juu ya maisha yake mwenyewe, lakini pia tunaona vibaya kwamba miaka thelathini ya kazi ilipimwa na wengi kwa mashini moja iliyoanguka.

Alifungua karakana yake ndogo, Koto, akaanza kushirikiana na Bandai kwa mashini nyingine ya mfukoni. Hakuiona ikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, kwenye barabara kuu ya Hokuriku, gari alimokuwa liligusana na lori. Hakuumia. Alishuka kuangalia kilichoharibika, kama sisi wote tunavyofanya, na gari lingine likaja likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashini ile ilitoka tarehe 4 Machi 1999, inaitwa WonderSwan. Kioo hakina rangi. Inatumia pile moja tu, na pile hiyo moja inafika saa 30 na kitu. Kati ya kaseti za kwanza kuna moja iliyopewa jina lake, Gunpey, na mchezo wake ni kuunganisha vistari vilivyokatika, toka kushoto mpaka kuume.